Siagi isiyo siagi: Jumapili moja kwenye mgahawa wa Wahonduras

Shemeji yangu hali siagi. Tangu nimjue, mkate wake ni mkavu au wa asali, na chapati zake anakaanga kwa mafuta ya alizeti. Kwa hiyo Jumapili ile, aliposoma kwenye menyu kwamba baleada ni chapati ya ngano yenye maharage, jibini na siagi, alimwomba mhudumu amwekee bila siagi. Mhudumu akaandika kwenye kidaftari chake, akaenda. Baada ya nusu saa na ushei ikaja baleada iliyokunjwa vizuri, ya moto, na kavu. Akala nusu, akaisogeza sahani. "Shemeji," akaniambia kwa sauti ya chini ili baba mkubwa wangu asisikie, "ndiyo hii uliyotuhubiria wiki nzima?"

Ndiyo hiyo, na siyo hiyo. Alichokikataa hakikuwa siagi. Mhondurasi akisema "mantequilla" hamaanishi kile ambacho Mhispania au Mmeksiko hukiita kwa jina hilo. Anamaanisha malai: nyeupe, ya kumiminika, yenye chumvi na uchachu wa mbali kama wa mtindi. Hiyo ndiyo inayolainisha maharage na kuichukua chumvi ya jibini kavu lililokunwa juu yake. Kuitoa kwenye baleada ni kama kutoa tui kwenye wali wa nazi. Menyu ililitafsiri neno kama kamusi inavyolitafsiri, na shemeji akapoteza chakula chake kabla mpishi hajagusa donge.

Mimi nafanya kazi jikoni, kwenye hoteli moja ya katikati ya New Orleans, na huu ni mwaka wa tisa. Lawama za wateja nazijua kwa majina: kimechelewa, kimepoa, sicho nilichoagiza. Siku ile nilizisikia zote tatu ndani ya saa moja na nusu, kwenye chumba kimoja, zikielekezwa kwa jiko ambalo kwa macho yangu halikuharibu hata pishi moja. Ndiyo sababu nimekaa kukiandika kisa hiki chote.

Mgahawa uko Kenner, mji ulioungana na New Orleans upande wa magharibi, karibu na uwanja wa ndege. Jina lake sitalitaja. Ni meza kumi na mbili, viti vya plastiki ngumu, televisheni ya mpira ukutani, bendera ya buluu na nyeupe yenye nyota 5, na kaunta ambayo nyuma yake jiko lote liko wazi. Ni mahali pa kuingia na nguo za kazini, kula kwa mkono, kulipa na kuondoka.

Wahonduras hawakuangukia Kenner kwa bahati. Waliletwa na ndizi. Ndugu wa ukoo wa Vaccaro, Wasisilia waliokuwa wakiuza matunda New Orleans, walianza biashara ya kuleta nazi na ndizi kutoka La Ceiba, bandari ya Honduras, Amerika ya Kati, mwaka 1899, na kampuni yao ndiyo iliyokuja kuitwa Standard Fruit. Samuel Zemurray naye alitajirika kwa ndizi za nchi hiyohiyo, hata akawagharimia watu walioondoka New Orleans kwenda kuiangusha serikali ya Honduras mwaka 1911. Nyumba yake ya hapa mjini leo ndiyo makazi ya rais wa Chuo Kikuu cha Tulane. Meli za matunda zilipakia na watu pia: makarani, mabaharia, wanafunzi, baadaye familia nzima. Kisha kikaja kimbunga Katrina, Agosti 2005, na mji ulipohitaji mikono ya kung'oa kuta zilizooza na kuezeka upya, mingi ya mikono hiyo ilitoka Honduras. Nimefanya kazi na wengi wao. Ndio walionifundisha kula baleada saa kumi na moja alfajiri, tumesimama nje ya mlango wa jiko.

Baleada yenyewe ni mtoto wa pwani hiyo ya ndizi. Bara, watu wa Honduras hula tortilla, yaani chapati, ya mahindi. Pwani ya kaskazini, ambako unga wa ngano uliingia kwa meli, wakazoea ya ngano. Jina husemekana linatokana na "bala", yaani risasi. Wako wanaosema ni hadithi ya muuzaji aliyepigwa risasi akapona, wako wanaosema ni umbo la maharage tu. Mpishi wa pale hucheka akiulizwa, na anajibu tofauti kila siku.

Tulikuwa sita. Baba mkubwa wangu, mzee wa Tanga wa miaka sabini na moja, aliyekuja kutembelea watoto. Mke wangu. Shemeji, mke wa kaka yangu. Jirani yetu mama wa Bukavu na mwanawe wa miaka kumi. Na mimi, niliyewakusanya. Tuliingia saa saba na dakika thelathini na tano mchana, Jumapili, wakati misa ya Kihispania ya parokia ya jirani imetoka kwisha. Hilo lilikuwa kosa langu, kwa sababu saa ile naijua. Meza zilijaa nyuma yetu ndani ya dakika ishirini.

Mhudumu alikuwa mmoja, binti wa miaka kama kumi na minane, mtoto wa mwenye mgahawa. Kiingereza chake kizuri, cha shuleni. Lakini maneno ya chakula ameyajua kwa Kihispania cha mama yake, na menyu ya Kiingereza, kama nilivyokuja kuambiwa, ilitafsiriwa na programu ya simu na binamu mmoja, usiku mmoja, kabla ya kufungua.

Neno la pili lilimkuta mzee.

Baba mkubwa hagusi nyama asiyojua imechinjwa na nani, kwa hiyo alishajielekeza kwa vitu vya baharini. Akachagua sopa de caracol, supu ya konokono wa baharini, nami nikamwambia apate na tortilla na maharage ya pembeni. Akanitazama. "Mwanangu, muulize kwanza, hayo maharage wamekaangia nini?" Nikamwuliza binti. Akasema "manteca". Mke wangu akaliandika neno kwenye simu, simu ikajibu: mafuta ya nguruwe.

Mzee hakukunja uso. Aliisogeza menyu kidogo mbele yake, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe, akasema ataomba maji tu, asituharibie siku yetu. Mama wa Bukavu akasema basi na tuondoke wote. Hapo ndipo nilipoona mlo umekwisha kabla haujaanza, na kosa ni langu kwa mara ya pili: nilikuwa nimekula pale miezi kadhaa bila kuuliza swali ambalo mzee aliuliza kwa dakika moja.

Nilisimama nikaenda kaunta. Kihispania changu ni cha jikoni, cha kuombana visu na chumvi, lakini kilitosha. Mpishi, mama mnene mwenye kitambaa cha kichwa, alinisikiliza, akamtazama mzee kule mezani, akafuta mikono. Akainama chini ya meza ya unga, akatoa ndoo nyeupe ya plastiki, akaja nayo mwenyewe mpaka mezani kwetu. Akaigeuza ili maandishi yamwelekee mzee. "Vegetal," akasema, akigonga kibandiko kwa kidole chenye unga. "Palma."

Kihispania cha Honduras kina neno hilo moja, "manteca", kwa mafuta yote ya kupikia yanayoganda, yawe ya nguruwe au ya mimea. Honduras inalima michikichi kwa wingi katika mashamba yaleyale ya pwani yaliyokuwa ya ndizi, na jikoni nyingi zimehamia kwenye mafuta hayo siku nyingi. Kwa mtu wa kwetu, ni Kimbo. Simu haikusema uongo, ila ilitoa maana moja ya neno lenye maana mbili, na maana hiyo moja ilitosha kumwinua Mwislamu mezani.

Mzee alimshukuru kwa Kiswahili, mkono kifuani. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa kuuliza mpaka mwisho, akataka kujua na sufuria. Chicharrón, nyama ya nguruwe ya kukaanga, ipo kwenye menyu pamoja na muhogo, inakaangwa wapi? Mpishi akaonyesha sufuria nzito iliyokuwa peke yake kwenye jiko la pembeni. Kuku na ndizi vina kikaangio chao. Supu ina chungu chake, cha samaki na konokono tu. Kwa mzee ilitosha kwa supu na tortilla. Kwa Mwislamu mwingine isingetosha, kwa sababu jiko lile si la halali na halijadai kuwa hivyo, na yeyote anayekwenda pale na wazee aulize mwenyewe.

Supu ndiyo ilikuja kwanza, dakika chache baadaye, maana ilikuwa imeshapikwa tangu asubuhi. Bakuli kubwa, mchuzi mweupe wenye wekundu wa mbali wa achiote, mbegu inayotia rangi. Vipande vya konokono vilivyopondwa ili vilainike, muhogo, ndizi mbichi, giligilani juu. Harufu ilipofika mezani mzee aliacha kuongea. Akaonja kijiko kimoja. "Hii ni nazi ya kukuna," akasema, "siyo ya kopo."

Alikuwa sahihi. Mpishi ni wa La Ceiba na tui hukamua mwenyewe siku za Jumamosi na Jumapili, ndiyo maana supu hiyo haipatikani siku nyingine. Na mzee hakuwa akijipendekeza aliposema ladha ile ni ya nyumbani. Minazi ya upande wa Atlantiki haikuwa huko zamani. Wareno ndio walioichukua kutoka pwani za Bahari ya Hindi, wakaipanda Cape Verde, na kutoka hapo ikavushwa mpaka Karibi katika karne ya 16. Utafiti wa vinasaba vya minazi uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha wazi kwamba nazi za Atlantiki ni za uzao wa Bahari ya Hindi. Waliozifanya ziwe mchuzi kule Honduras, zaidi ya wote, ni Wagarifuna, watu wenye damu ya Kiafrika na ya wenyeji wa visiwa, ambao Waingereza waliwafukuza kutoka kisiwa cha Saint Vincent na kuwashusha Roatán, kisiwa cha Honduras, Aprili 1797, wakiwa wamebaki takribani 2,000. Hadi leo wanaponda ndizi kwenye kinu cha mti kwa mchi mrefu na kuzila na samaki wa nazi. Nilimweleza mzee hayo mezani. Akasema ndizi za kupondwa kwenye kinu angependa kuziona kabla hajarudi.

Hata hivyo, supu ile aliila ya vuguvugu. Alipoonja kile kijiko cha kwanza aliweka kijiko chini, akakunja mikono, akasubiri. Sahani zetu hazijafika, na mzee wa Tanga hali peke yake mbele ya watu wenye njaa. Nikamsihi, shemeji akamsihi. "Nitakula na wanangu," akajibu. Baleada zilikuja dakika ishirini baadaye, kuku wa mama wa Bukavu dakika kumi na tano nyingine, na samaki wa mke wangu, mzima wa kukaanga, mwisho kabisa. Kuanzia bakuli la kwanza mpaka sahani ya mwisho zilipita dakika arobaini na mbili. Nilizihesabu, ni mazoea ya kazi.

Kuchelewa huku nitakueleza kwa sababu ndiko watu wanakokulaumu sana kwenye migahawa ya aina hii, na wanakulaumu bila kutazama jiko.

Tortilla ya baleada haisukumwi. Unga wa ngano, chumvi, hamira kidogo ya unga, mafuta na maji ya moto kiasi (mpishi yule huweka tui kidogo) vinakandwa, vinakatwa madonge, madonge yanapakwa mafuta na kulazwa angalau nusu saa. Anayejua chapati anajua kwa nini: donge lisilolala linajirudi. Kisha hapana kibao wala kifimbo. Donge linafunguliwa kwa vidole, linapigwapigwa kutoka kiganja hadi kiganja mpaka linakuwa duara kubwa kama sahani, nene kuliko chapati yetu, bila matabaka. Linawekwa kwenye plancha, bamba la chuma juu ya moto, linavimba hapa na pale, linageuzwa, linatolewa likiwa na madoa ya kahawia. Linapakwa maharage mekundu yaliyopondwa na kukaangwa, linamiminiwa malai, linanyunyiziwa jibini, linakunjwa mara moja. Linatakiwa kufika mezani likiwa bado linatoa mvuke.

Plancha yao inachukua tortilla nane. Kila moja inakaa dakika tatu hivi. Ukihesabu moto peke yake, jiko lile lina uwezo wa tortilla zaidi ya mia kwa saa. Lakini mikono ilikuwa ya mtu mmoja. Nilimtazama: nusu dakika kufungua donge, nusu dakika kupaka na kukunja. Dakika moja kwa baleada, na hapumziki. Hiyo ni sitini kwa saa. Chumba kilikuwa na watu kama arobaini, karibu wote wametoka misa moja, karibu wote wanataka mbili mbili. Themanini, zote zimeagizwa kati ya saa saba na nusu na saa nane. Hakuna uzembe unaohitajika hapo ili mtu asubiri nusu saa. Hesabu inatosha.

Najua jinsi ya kufupisha muda huo, na natumaini hawatafanya hivyo. Kuna migahawa mjini hapa inayonunua tortilla za kiwandani na kuzipasha. Zinafika kwa dakika saba. Ukizikunja zinapasuka mgongoni, malai inachuruzika mpaka kwenye kiwiko, na ladha ni ya karatasi. Kuku vivyo hivyo: yule wa mama wa Bukavu, paja na mguu juu ya ndizi mbichi zilizokatwa nyembamba kwa urefu na kukaangwa, alitoka mbichi akaingia mafutani baada ya kuagizwa. Kuku wa mfupa hawezi kuiva kwa dakika tano. Ukimletewa kwa dakika tano ujue amekaangwa asubuhi.

Mama wa Bukavu hakulalamika hata kidogo. Sahani ilipofika, kabichi juu, mchuzi wa nyanya, achari ya vitunguu yenye rangi ya bitiruti, aliinua kipande cha ndizi akasema, "Makemba!" Mwanawe akasema makemba ni za kuiva. Wakabishana kwa furaha, naye akazila zote, hasa zile za chini zilizokwisha kunywa mafuta ya kuku na mchuzi, ambazo wenyeji huziona ndiyo tamu ya sahani nzima. Kwake mlo ulikuwa wa mafanikio. Kwa kijana pia, aliyepata baleada yenye kila kitu: yai, parachichi, nyama. Mezani petu peke yake, basi, watu sita waliondoka na hukumu tatu.

Kushoto kwetu kulikuwa na familia ya Wahonduras tisa. Waliingia baada yetu, wakasubiri kama sisi, na sikuona hata mmoja akitazama saa. Mwanzoni nilidhani ni uvumilivu. Nilipoendelea kutazama nikaona ni namna ya kula. Hawakuagiza mara moja. Waliagiza horchata, kinywaji cha mchele, na juisi ya ukwaju, kisha anafre, kile chungu kidogo cha udongo chenye makaa chini na maharage na jibini juu, ambacho wote huchovya. Baleada zilipotoka tatu, zilikatwa zikagawanywa kwa watoto. Zikatoka nne, zikaenda kwa wakubwa. Sahani ikifika inaliwa papo hapo, na anayekula hamsubiri asiyekula, kwa kuwa zamu yake inakuja. Jiko lile limejengwa kwa meza ya namna hiyo. Linatoa kitu kikiwa tayari, wala halipangi sahani sita zitoke pamoja kama tunavyofanya hotelini kwetu.

Adabu ya baba mkubwa na utaratibu wa jiko lile viligongana, na hakuna aliyekuwa na kosa. Laiti ningejua ningeagiza anafre katikati ya meza, sote tukachovya, na supu ikanywewa ya moto.

Meza ya tatu iliharibika kabisa, nayo iliharibiwa na neno la tatu. Wamarekani wawili, mume na mke wa makamo, wastaarabu. Waliomba vibanzi vya mahindi na mchuzi wa salsa vya bure, vile vinavyoletwa mezani kwenye karibu kila mgahawa wa Kimeksiko nchini hapa. Binti akasema hawana. Mume akaagiza enchilada. Anayezijua enchilada za Meksiko anatarajia tortilla zilizoviringishwa, zimelowa mchuzi wa pilipili, jibini limeyeyuka. Enchilada ya Honduras ni tortilla moja ya mahindi iliyokaangwa ikakauka, bapa, juu yake nyama ya kusaga, kabichi, nyanya, kipande cha yai la kuchemsha na jibini kavu. Wala haina pilipili ya kutajika. Alipoletewa akasema hiki sicho. Binti akasema ndicho. Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Akakirudisha, mkewe akaacha tacos zake, ambazo kwa Wahonduras nazo huviringishwa na kukaangwa, wakalipia soda na kuondoka.

Binti alifuta meza ile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Watu wa nyumbani wasiojua kazi hizi hawaelewi uzito wa jambo lile. Louisiana haina kima chake cha chini cha mshahara. Inafuata cha taifa, ambacho kwa mhudumu anayepokea bakshishi ni dola 2.13 kwa saa, na hakijapanda tangu 1991. Hata awe mtoto wa mwenye mgahawa, Jumapili ndiyo siku anayochuma. Meza inayoondoka kwa hasira imeondoka na nauli yake.

Tulipomaliza nilikwenda kulipa, nikamsubiri mama mwenye mgahawa apate nafasi. Sikwenda kulalamika. Nilimwambia kama mtu wa jikoni kwa mtu wa jikoni kwamba chakula chake hakina neno, ila menyu yake ya Kiingereza ina maneno matatu yanayomfukuzia wateja, nikamtajia na kilichotupata. Kuhusu mantequilla alishangaa; kwake hilo ndilo jina, hajui jingine. Kuhusu manteca alishika shavu. Alisema mwaka jana walikuja wateja wa Kiislamu mara mbili, wakauliza, wakaondoka, na hakuna aliyemwambia sababu. Enchilada alikwisha kuzichoka. Zinarudishwa kila wiki. Nilimshauri jingine pia: Jumapili aandike mlangoni kwamba tortilla zinafunguliwa kwa mkono na kusubiri ni nusu saa, na binti awaambie watu waanze na kitu cha kuchovya. Akatikisa kichwa. Aliona kuandika hivyo ni kujitangaza kuwa mzembe. Sikukubaliana naye na bado sikubaliani, lakini mgahawa ni wake.

Hukumu yangu ni hii. Kuku na samaki walichelewa kwa haki. Mlo wa shemeji uliharibiwa na menyu, si na mikono. Wale Wamarekani walistahili maelezo ya sentensi moja kabla ya kuagiza, na binti alistahili kuwa na sentensi hiyo imeandikwa ili asibishane na mtu mzima. Mzee karibu akose chakula kwa sababu tuliamini simu kuliko kuuliza swali la pili. Na mimi niliwapeleka watu wangu mahali ninapopapenda bila kuwaandaa, nikidhani mapenzi yangu yatatosha.

Tulirudi baada ya wiki tano, Jumatano jioni, bila mama wa Bukavu na bila baba mkubwa, aliyekwisha kurudi Tanga. Chumba kilikuwa na meza tatu tu zenye watu. Menyu ilikuwa ileile, ila juu ya maneno mawili vilibandikwa vipande vya karatasi vilivyoandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya buluu. Pa siagi paliandikwa malai ya Honduras. Chini ya maharage paliandikwa mafuta ya mimea, bila nguruwe. Kwenye enchilada iligundishwa picha. Mlangoni hapakuwa na tangazo lolote.

Shemeji alikuja kwa shingo upande, kwa kuwa mke wangu alimbembeleza. Safari hii baleada ilichukua dakika kumi na moja. Aliivunja pembe kama mtu anayeonja dawa, akatafuna, akanyamaza. Kisha akamwita binti, akamwonyesha ile karatasi ya buluu, akaomba aletewe kibakuli cha pembeni. Binti akauliza, cha malai? "Mantequilla," shemeji akasema.